Kumuaga Mama Nakala, Mchapaji wa Ripoti za Watoto Wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Elimu, uliyeacha shughuli zako ukakubali kukaa nasi kwenye viti hivi vya plastiki. Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Upimaji. Ndugu Mratibu wa Elimu Maalumu. Walimu wakuu wa shule mliofika. Wapimaji, walimu, wafagizi, na wewe mlinzi wa getini unayetujua sote kwa nyuso. Wazazi wenzangu wa benchi la Alhamisi. Watoto wetu mliokaa mbele, na wewe mwalimu unayewatafsiria kwa mikono hapo pembeni, ambaye nikienda mbio unisamehe na unipungie nipunguze mwendo. Na wa mwisho kutajwa lakini wa kwanza katika shughuli hii, dada yetu, mchapaji wa kituo hiki, tunayemwita Mama Nakala: salamu zangu kwenu nyote.

Kabla sijasema langu nina mzigo wa salamu kutoka nyumbani, na nisipoutua hapa sitapokelewa nikirudi. Mkwe wangu, mama yake mume wangu, anakusalimu sana, Mama Nakala. Miguu imemgomea siku hizi, lakini anasema ungestaafu akiwa bado anatembea angekuja mwenyewe kukukatalia. Baba watoto anakusalimu, yuko zamu kiwandani. Aliniambia nikwambie asante. Nikamuuliza, asante tu, baada ya yote haya? Akafikiri, akasema, basi mwambie asante sana. Kwake maneno ni kama meno, hang'oi bila sababu. Kifungua mimba wangu anakusalimu, ndiye aliyenisahihishia herufi za karatasi hii, na kunicheka alinicheka. Wifi yangu anakusalimu, anaomba radhi kwa siku ile aliyokuita mchochezi. Kitinda mimba anakusalimu ingawa hakujui. Akiona watu wanatumiana salamu naye hutaka zake zipelekwe. Na binti yangu wa kati, ambaye bibi yake humwita Mke Mwenza kwa utani wao wa bibi na mjukuu, huyo yupo hapa mwenyewe, mstari wa mbele, salamu zake ana mikono ya kukupa. Sisi sote ni wazima, hofu ni juu yako tu unayekwenda mbali.

Wameniambia nina dakika kumi. Naona mbili zimeliwa na wifi yangu na wenzake.

Ndugu wageni waalikwa, wengi wenu mmesimama hapa mkamsifu mama huyu kwa miaka ishirini na sita ya kuchapa bila kuchelewa, na mmesema kweli. Lakini mimi si mtu wa ofisi. Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, na sifa zangu kwake si za ofisini. Nimeombwa na wazazi wenzangu niseme alichotufanyia, na nimeona siwezi kukisema bila kusema kwanza nilichofanya mimi. Nacho si kizuri. Mnivumilie.

Binti yangu alipokuwa na miaka minne aliugua homa kali. Alipona, tukamshukuru Mungu. Baada ya wiki chache nikaona mtoto hageuki. Mlango ukigongwa hageuki, kifuniko cha sufuria kikianguka hageuki. Sikio la kushoto lilibaki na kidogo, la kulia halikubaki na kitu. Je, nilikwenda kusema mahali? Sikwenda. Niliogopa. Wifi yangu alikuwa ameniambia kwamba mtoto akionekana ana kasoro huandikwa kwenye kitabu, akachukuliwa na kupelekwa shule ya bweni ya mbali, mzazi akawa anamwona mara moja kwa mwaka. Nani alimwambia wifi? Hakuna. Lakini maneno ya kutisha hayana haja ya shahidi.

Akafikisha umri wa shule, tukaandikiwa barua ya kuja kupimwa kwenye kituo hiki. Wazazi wenzangu, mnajua mtu anavyojiandaa anapoambiwa mtoto wake atapimwa. Nguo mpya, nywele, kucha. Mimi nilizidi. Kwa wiki mbili nilimfundisha binti yangu jikoni. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikakaa mbele yake, nikamwelekeza: nikigusa kilemba, wewe inua mkono. Bibi yake anasimama nyuma yake na kijiko na sinia, anagonga. Mimi nagusa kilemba. Mtoto anainua mkono. Alidhani ni mchezo. Mkwe wangu aliuliza mara moja tu mchezo huu ni wa nini, nikamjibu ni wa shule, akaendelea kugonga.

Siku yenyewe, mpimaji, kijana mwenye heshima zake, alimkalisha mtoto katikati ya chumba, mimi akanipa kiti mbele yake ili mtoto asiogope. Kisha akaenda nyuma ya mtoto na kengele yake ndogo, na ngoma yake, na maneno yake ya polepole. Kilemba changu siku ile kiliguswa mpaka kikalegea. Na binti yangu, maskini, hakukosea hata mara moja. Nilitoka pale nimevimba kichwa, nikamnunulia soda. Niliona nimeshinda.

Nilimshinda nani? Hilo ndilo swali ambalo nimekaa nalo miaka hii yote. Nilimshinda mpimaji aliyetaka kunisaidia. Nilimshinda mtoto wangu mwenyewe.

Maana ripoti ilikwenda shuleni, na shule ikaiamini, kwa nini isiiamini? Mtoto akakalishwa nyuma kwa sababu ni mrefu, katika darasa la watoto sitini na zaidi, na mwalimu anasema huku anaandika ubaoni, mgongo kwa watoto. Binti yangu akawa anachungulia daftari la jirani ili ajue linalotakiwa. Akaitwa mwizi wa majibu. Akiitwa kutoka nyuma haitiki, akiitwa kwa mbele anaitika. Akaitwa mkaidi. Alirudia darasa la kwanza, akasimamishwa mlangoni siku nyingi kuliko alizokaa. Akaanza kukojoa kila asubuhi akiona sare. Mwishoni mwa mwaka wa pili nikapewa barua, na hata kwa elimu yangu ndogo niliweza kuisoma mwisho wake: asirudi muhula ujao, shule haina uwezo wa mtoto asiyetaka kufundishwa.

Nilikuja na barua ile hapa kituoni nimejaa hasira, nilale mlangoni ikibidi. Niliwakuta wamekwenda chakula cha mchana. Kulikuwa na mama mmoja tu barazani, kwenye lile benchi la mbao, miwani imeteremka puani, anakula ndizi na huku anamsomea baba mmoja ripoti ya mwanawe. Anasoma mstari, anasimama, anauliza, umenielewa hapo? Baba akisema ndiyo, anamwambia, basi nielezee mimi. Nikakaa kusubiri zamu yangu kama niko kwa daktari. Baadaye nilijua kwamba hakuagizwa na mtu kufanya vile. Alikuwa anachapa ripoti hizi asubuhi, anaona wazazi wanazikunja mchana na kuzitia mkobani bila kuzifungua, na akaona saa yake ya chakula haina kazi nyingine ya maana. Karatasi ni ya mzazi, alikuwa akisema, mimi namsomea tu iliyo yake.

Zamu yangu ikafika. Akasoma barua ya shule. Akaomba ripoti, akaisoma: mtoto anaitikia sauti zote, hana haja ya huduma maalumu. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, anasikia, walimu ndio wana chuki naye. Binti yangu alikuwa hatua sita kutoka pale, amechuchumaa anatazama siafu, mgongo kwetu.

Mama huyu hakunibishia. Alikunja ganda la ndizi kwenye karatasi, akaniambia, "Basi mwite."

Wazazi wenzangu, nilifungua mdomo. Halafu miguu yangu ikainuka yenyewe. Nikazunguka, nikaenda kusimama mbele ya macho ya mtoto, kama nilivyofanya kila siku kwa miaka minne bila kujua kwamba nafanya. Nilipoinua uso, Mama Nakala alikuwa ananitazama juu ya miwani. Hakucheka. Mimi ndiye niliyelia.

Nikamsimulia yote, kilemba, sinia, soda. Nilingoja anifokee. Alisema hivi, na nimeyaandika jinsi alivyoyasema: "Mama, hapa si mtihani. Hapa mtoto hafaulu wala hafeli. Mimi nachapa kilichoonekana, na wewe ulionyesha mtoto asiye wako."

Nikamuuliza, nikisema ukweli hawatamchukua? Hawatanishtaki kwa kudanganya ofisi? Mwingine angenipa maneno matamu ili ninyamaze. Yeye alisema hajui watasema nini, kwa hiyo hataapa. Anachojua ni kwamba hawawezi kumpa mtoto kitu kwa shida wasiyoijua. Kisha akanipa kazi. Ninunue daftari, niandike kila siku vitu vitatu mtoto alivyofanya na vitatu alivyoshindwa, bila kupamba na bila kuchafua. Niandike barua ya kuomba apimwe tena na kikao kiitwe, yangu mwenyewe, kwa mwandiko wangu, hata kama herufi zinaanguka. Nitengeneze nakala. Nigongewe muhuri wa kupokelewa juu ya nakala, na nisiondoke kaunta kabla wino haujakauka. Na kikaoni nisiende peke yangu, kwa sababu mtu mmoja mbele ya meza ya watu watano husahau hata jina la mtoto.

Mnajua sasa jina lake la utani lilikotoka. Kuna mzazi hapa aliyekwenda kumposea kijana wake mke, Mama Nakala akamuuliza, na majibu yao umepewa kwa maandishi?

Siku ya kikao nilikwenda na mkwe wangu. Ilikuwa ofisi ya mwalimu mkuu, yupo hapa leo, atanisamehe. Meza ndefu, upande mmoja mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mratibu, na mpimaji yule yule. Upande wetu mabibi wawili na daftari. Mwalimu mkuu akafungua kwa kusema ripoti ipo, mtoto anasikia, hivyo tatizo ni malezi. Nikajua mlango uko hapo, na ufunguo ninao mimi, na mkono wangu hauinuki. Nikikaa kimya, mtoto wangu ni mkaidi na shule imemtoa. Nikisema, mimi ni mwongo, na labda wanamchukua. Mkwe wangu akanigusa kiwiko, akasema kwa ile sauti yake ambayo anadhani ni ya kunong'ona, "Sema wewe, au niseme mimi. Na mimi nikianza mtakaa hapa mpaka jioni."

Nikasema. Nilisema binti yangu hasikii, na kwamba nilimdanganya mpimaji, nikawaonyesha na kilemba nilivyokigusa.

Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu wa darasa, na hakusema kwa upole. Aliniambia, "Umeniacha nimwadhibu mtoto kiziwi miaka miwili." Hakuwa ananitukana. Midomo ilikuwa imempauka. Mwalimu, najua huko ulikokaa unainamisha kichwa. Inua. Lile neno lilikuwa haki yako, na mimi nalibeba upande wangu.

Kisha mpimaji akafunga faili lake, akasema na yeye aandikiwe kosa lake, maana ndiye aliyeniweka mbele ya mtoto na hakunitazama hata mara moja wakati wote anagonga kengele. Ndugu zangu, mkubwa wa ofisi kusema vile mbele ya mpiga pasi, mmeshaliona mara ngapi? Wale wanaokwenda kupimwa siku hizi watakuta kiti cha mzazi kiko nyuma ya pazia. Wanadhani kiliwekwa na wataalamu. Kiti kile tulikihamisha mimi na yeye.

Basi likawa la kuwa. Akapimwa upya, mimi nikiwa nje nimeshika nguzo ya baraza kama mtu wa meli kwenye dhoruba. Yakaandikwa maneno mengine. Hakuchukuliwa. Hakuna bweni, hakuna kitabu cha wifi. Barua ya kumtoa ikafutwa kwa barua nyingine yenye muhuri. Ikaandikwa kwamba akae mbele, sikio la kushoto lielekee kwa mwalimu. Kwamba mwalimu asiseme huku ametazama ubao. Kwamba apate mashine ya sikio. Na kwamba mara mbili kwa wiki mwalimu wa lugha ya alama aje kumfundisha, na darasa zima lijifunze pamoja naye.

Je, yalifanyika yote siku ile ile? Mheshimiwa Mgeni Rasmi, unazijua ofisi zako kuliko mimi. Muhula wa pili mwalimu wa alama hakuonekana wiki tano. Zamani ningekaa nyumbani nikilaumu. Nilikwenda na nakala yangu, nikamwambia mwalimu mkuu kwa adabu zote, ukurasa wa pili, mstari wa tatu. Akaniangalia, akaniuliza nani wakili wangu. Nikasema ni mchapaji. Alicheka mpaka akavua miwani, na wiki iliyofuata mwalimu wa alama akaja. Tangu hapo, nasema mbele yake, mwalimu mkuu huyu ndiye anayewaleta wazazi kwenye benchi letu, anawaonyesha njia kwa kidole: nendeni Alhamisi, mkasomewe, halafu mrudi mnibane vizuri.

Maana tulizidi kuwa wengi. Tulianza watatu, saa ya chakula, siku za Alhamisi; leo tuko arobaini na moja, na wenye kusoma vizuri wanawasomea wasiosoma, mstari kwa mstari. Kuna baba aliyekuwa anambeba mwanawe mgongoni hadi darasani ghorofa ya kwanza kwa mwaka mzima, kwa kuwa hakujua kwamba anaweza kuomba darasa lishushwe chini. Barua moja, darasa likashuka. Kuna mama wa mapacha, mmoja anaona na mmoja haoni, aliyeambiwa achague wa kumsomesha. Hakuchagua. Wote wawili wapo hapa, na kelele zao mmezisikia wakati wa sala.

Mnisamehe nikisema nimepumzika. Najua kazi haijaisha. Lakini kuna uzito ambao mtu huubeba hata hajui ni uzito, mpaka siku unaposhuka ndipo anaona mabega yake yalivyokuwa juu. Mimi sasa napiga pasi nikiimba, mwajiri wangu ndiye anayelalamika. Binti yangu yuko darasa la tano. Huko ndiko nilikoishia mimi, nilipotolewa shule kwenda kulea wadogo zangu. Amenifikia mwaka huu. Mwakani atanipita, na nitamtazama akipita kama mtu anayesindikiza mgeni wa heshima.

Kwa wewe mzazi mpya uliyekaa pale nyuma na barua ya kupimwa Jumatatu mkononi, nimekuona ulivyokuwa ukimrekebisha mwanao namna ya kukaa. Nakuomba kitu kimoja. Usimfundishe. Mlete kama alivyo, amechoka, amekasirika, anadondosha vitu. Mpende nyumbani vyovyote upendavyo, ila kwenye kile chumba mwache aonekane. Nami Jumatatu nitaomba ruhusa kazini, nikae nawe nje kwenye nguzo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa wote, wazazi na watoto, nawashukuru kwa kunivumilia nilipozidisha muda, na kwa kutonikatiza nilipofika penye aibu.

Neno langu la mwisho ni lako, Mama Nakala. Unakwenda kuishi na dada yako, safari ya siku mbili, na sisi hatutatulia mpaka tujue umefika. Nilitaka kukwambia unipigie simu ukishuka tu. Lakini asubuhi, nilipokuwa namfunga binti yangu vifungo, nilimwambia kwamba Mama Nakala akifika atanipigia, nami nitampa habari. Akaushika mkono wangu, akautoa kwenye kifungo, akanitazama, akaniambia kwa mikono yake, taratibu, ili nisikosee: mwambie asikupigie wewe, simu siisikii, aniandikie mimi. Namba yake ya ujumbe ameiandika mwenyewe, atakutia mkononi sasa hivi. Basi ukifika, dada yangu, hata mizigo hujaifungua, mwandikie. Mistari miwili inatosha. Usikawie, ana haraka huyu, na majibu atakujibu mwenyewe.